Tarehe 15 Mwezi wa Kumi, Nani Anamwagilia?



Wiki jana yaya mmoja wa kundi letu alituma picha. Ziwa dogo, kijumba cha Kichina chenye paa lililopinda, miti mikubwa, mzungu anatembeza mbwa wake polepole kama mtu asiyedaiwa kodi ya nyumba. Chini ya picha akaandika: "Angalieni Leta ya kweli. Vijana wa huko walichoma mji, serikali ikawajibu na bustani. Siye tukitoka barabarani tunajibiwa na gazi ya machozi." Watu wakaweka mioyo na makofi. Mimi pia niliweka. Halafu usiku usingizi ukakataa, juu yale maneno "ikawajibu na bustani" yalikuwa yananisumbua. Shomeri anakosa vyote isipokuwa wakati. Nikanunua mega, nikasoma mpaka asubuhi, na siku zilizofuata tena.

Yaya, kwa heshima yote: picha yako ni ya kweli. Maneno uliyoweka chini yake njo ya uongo. Na ni uongo wa hatari kwetu, juu ni aina ya uongo ambao wakubwa wa kwetu watapenda sana kuusikia.

Ile picha ni ya Liverpool, Uingereza, kandokando ya mto Mersey. Bustani yenyewe ni mabaki ya maonyesho ya kimataifa ya bustani, International Garden Festival, yaliyofunguliwa tarehe 2 mwezi wa tano 1984 na kufungwa tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka uleule. Malkia Elizabeth mwenyewe alikuja kufungua. Shikeni hizo tarehe mbili, hasa ile ya pili.

Kwanza tuseme vijana wa Liverpool walikuwa katika hali gani. Bandari iliyowatajirisha baba zao ilikuwa imekauka. Viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine: Dunlop pale Speke mwaka 1979, kiwanda cha sukari cha Tate & Lyle mwaka 1981. Katika kartie ya Toxteth, ambako weusi wa Liverpool wamezaliwa na kuzaa kwa vizazi vingi, kijana alikuwa anasimamishwa na polisi kila jioni, anapekuliwa mifuko, anatukanwa, anaachwa aende, kesho tena. Mwezi wa saba 1981 kartie ikalipuka. Siku kadhaa za moto. Majengo yakaungua, mamia ya watu wakakamatwa. Na hapa, yaya, sikiliza vizuri: polisi walipiga gazi ya machozi. Ilikuwa mara ya kwanza gazi ile itumiwe dhidi ya umati katika kisiwa cha Uingereza chenyewe, maana Ireland ya Kaskazini walikuwa wameshaizoea. Basi hao vijana unaowaonea wivu, jibu lao la kwanza lilikuwa lilelile letu.

Jibu la pili lilijadiliwa London, bila wao. Waziri wa fedha, Geoffrey Howe, alimwandikia Margaret Thatcher kwamba wasiharakishe kutupa pesa kule, na kwamba pengine ni afadhali kuuacha mji ushuke, lakini ushuke kwa mpangilio. Barua ile ililala ndani ya makabati ya serikali miaka 30. Watu wa Liverpool walikuja kuisoma mwisho wa mwaka 2011. Waza wewe ni mtu wa miaka 50, umezeeka ukijiuliza mbona kartie yako haikuinuka, halafu unasoma gazetini kwamba kuna mkubwa aliyekaa akapendekeza hivyo kwa kalamu.

Waziri mwingine, Michael Heseltine, alikataa. Alienda Liverpool, akatembea, akasikiliza, akarudi na waraka ambao kichwa chake kilisema wazi kwamba ilihitajika vurugu ndipo serikali iamke. Sina ugomvi na Heseltine. Kati ya wawili hawa ningemchagua yeye. Moja ya mambo aliyosukuma ni haya maonyesho ya bustani.

Wazo lenyewe halikuwa la Waingereza. Wajerumani njo walilianzisha kwa nguvu baada ya vita, miji yao ikiwa vifusi vitupu. Hannover ilifanya maonyesho yake mwaka 1951, Kassel 1955, Dortmund 1959. Namna ya kufanya ni ya akili sana na ningependa kila mtu wa kundi letu aielewe. Unachagua ardhi iliyoharibika, ardhi ambayo hakuna mfanyabiashara anayeitaka. Unatangaza tarehe ya kufungua, mbele ya dunia nzima, bila uwezo wa kurudi nyuma. Ile tarehe inafanya kazi ambayo mikutano 100 haiwezi: bajeti inatoka, malori yanatembea, ofisi zilizokuwa zinarushiana makaratasi zinaanza kusalimiana. Watu wanalipa kuingia, wanaona maua miezi sita, halafu maonyesho yanafungwa na ardhi inabaki kwa mji, safi, na miti yake imeshapandwa. Kwa hiyo maua hayakuwa lengo. Maua yalikuwa njia ya kuilazimisha serikali isafishe uchafu wake.

Liverpool walichagua fasi mbaya kweli. Kule kusini mwa bandari, upande wa Dingle, palikuwa na jalala kubwa la mji na matangi ya mafuta ya zamani. Siye watu wa Lubumbashi tunaweza kuelewa, tumekua tukitazama ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba karibu na bomba refu la kiwanda. Wao walifunika, wakaleta udongo, wakapanda, wakajenga jumba kubwa la duara, reli ndogo ya kutembeza watoto, bustani zaidi ya 60, ya Japani, ya China na za nchi nyingine. Kwa miezi mitano na nusu waliingia watu zaidi ya milioni 3. Mji ambao magazeti yalikuwa yanauandika kama maiti, watu wanapanga mstari kuuingia! Siwezi kucheka hiyo. Ni kazi kubwa, ilifanywa haraka, na wazee wa pale mpaka leo wanakumbuka walivyopelekwa na mama zao.

Lakini tazama nani alikuwa wapi mwaka ule.

Ndani ya bustani kulikuwa na nyambizi kubwa ya njano, kwa heshima ya Beatles. Waliitengeneza vijana waliokuwa wanajifunza ufundi kwenye kiwanda cha meli cha Cammell Laird, ng'ambo ya mto, Birkenhead. Watalii walipiga picha juu yake. Mwaka huohuo 1984, katika kiwanda hichohicho, wafanyakazi walikuwa wanafukuzwa, na kundi lao likakalia chombo walichokuwa wanakijenga, wakakataa kutoka. 37 kati yao wakahukumiwa kifungo kwa kudharau amri ya korti. Walipelekwa jela ya Walton, ndani ya Liverpool. Upande huu wa mto unalipa tikiti kuona nyambizi ya kuchezea iliyotengenezwa na vijana wa kiwanda. Upande ule, watu wazima wa kiwanda kilekile wanaingia jela juu wanataka kuendelea kutengeneza meli za kweli. Leo ile nyambizi iko mbele ya uwanja wa ndege wa Liverpool, inakaribisha wageni.

Ndiyo maana nasema maneno "walijibiwa na bustani" si ya kweli. Walichoomba ni kazi na polisi wenye adabu. Walichopewa ni maonyesho. Kazi zilizotoka pale zilikuwepo, sikatai, kuna vijana waliochimba, waliopanda, waliokata tikiti. Lakini kazi ya maonyesho inakufa pamoja na maonyesho.

Sasa tufike pale nilipowaambia mushike tarehe. Tarehe 14 mwezi wa kumi 1984 ilikuwa siku ya Mungu. Watu wa mwisho walitoka, geti likafungwa. Kesho yake, tarehe 15, ni siku ya kazi. Ile miti iliyopandwa ina mizizi ya mwaka mmoja ao miwili. Vidimbwi vinataka kusafishwa. Majani yanaanguka, maana kule ndiyo wakati wake. Nani anakuja asubuhi na mpira wa maji na ufagio? Mshahara wake unatoka mfuko gani? Nani ni mwenye parseli?

Hapo njo mchezo wote ulipoharibikia. Eneo lilikuwa mikononi mwa shirika la kuendeleza kingo za Mersey, ambalo viongozi wake waliteuliwa na London. Raia wa Liverpool hawakuwapigia kura, na shirika lenyewe lilikuja kufutwa mwaka 1998. Upande mwingine, baraza la mji lililochaguliwa mwaka 1983 lilikuwa la mrengo wa kushoto kabisa, liko katika vita ya bajeti na Thatcher, na kipaumbele chake kilikuwa nyumba. Walijenga nyumba maelfu kadhaa kweli. Na vita ile iliishia kwa wajumbe 47 kutozwa faini na kuvuliwa viti. Siwezi kuwalaumu kwamba walipenda nyumba kuliko maua ya waziri wa London. Ni hesabu ambayo hata mama yangu angeifanya. Lakini bustani haijui siasa. Bustani inajua tu kama umekuja ao hukuja.

Basi sehemu ya eneo ikajengwa nyumba. Jumba la duara likawa fasi ya michezo ya kulipia, Pleasure Island, nayo ikafa miaka ya 1990. Halafu uzio, vichaka, miiba, vidimbwi vimekauka, vijumba vya Kichina vimebomoka, ukuta wote maandishi ya rangi. Jumba lenyewe likabomolewa mwaka 2006. Sehemu ya bustani ilikuja kutengenezwa na kufunguliwa tena kwa raia mwaka 2012.

Hesabuni pamoja nami. Kutoka 1984 mpaka 2012 ni miaka 28. Mimi niko na 26. Kama ningezaliwa siku ile ya kufunga, katika kartie ileile, ningesoma shule ya msingi, sekondari, chuo, ningepata diploma, ningekaa nyumbani bila kazi, na geti la bustani "yangu" lingekuwa bado halijafunguliwa vizuri. Ile picha ya mzungu na mbwa wake, yaya, si picha ya jibu lililotolewa kwa vijana wa 1981. Walioomba walishazeeka. Na mwaka uleule wa 2012 mji ukampa Heseltine heshima yake ya juu kabisa. Miaka ya karibuni mashine zimerudi kuchimba taka zilizobaki chini ya sehemu nyingine ya eneo, ili ijengwe nyumba. Jalala halikuwa limekwisha, lilikuwa limefunikwa.

Mtu mwingine wa kundi aliniuliza: "Ndugu, Liverpool inatuhusu nini? Siye tuko na shida zetu." Inatuhusu kuliko unavyofikiri.

Mwisho wa karne ya 19, mpira na pembe za ndovu za Kongo ya Leopold zilisafirishwa kwenda Antwerp kwa meli za kampuni iliyokuwa chini ya Elder Dempster, na makao ya Elder Dempster yalikuwa Liverpool. Bosi wake, Alfred Jones, alikuwa pia konsuli wa Leopold katika mji ule. Karani wake mmoja, Edmund Morel, akiangalia vitabu vya hesabu aliona meli zinarudi Ulaya zimejaa mali, na zinapoenda Kongo zimebeba bunduki na risasi. Hakuna biashara ya namna ile. Akaelewa watu wetu hawalipwi, wanalazimishwa. Akaacha kazi, na mwaka 1904, katika mji uleule wa Liverpool, ukazinduliwa umoja wa kupinga unyama wa Leopold. Karani mmoja na vitabu vya hesabu! Kwa shomeri mwenye lisansi ya uchumi kama mimi, hiyo ni habari njema kidogo.

Na ukisimama pale kwenye bustani ya picha, ukatazama ng'ambo ya Mersey, uko karibu uso kwa uso na Port Sunlight. Ni kijiji kizuri mno ambacho mwenye kiwanda cha sabuni, William Lever, alianza kuwajengea wafanyakazi wake mwaka 1888: nyumba zenye bustani, nyasi, maua ya waridi. Watu wanatoka mbali kuja kukitazama. Kuanzia mwaka 1911 Lever huyohuyo alipewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi kwetu, na kituo chake kikaitwa Leverville. Leo ni Lusanga, mkoa wa Kwilu. Kule hapakuwa na waridi. Kulikuwa na wakata ngazi waliolazimishwa kupanda michikichi, na ushuru, na kiboko. Mwaka 1931 Wapende waliasi na wakauawa kwa mamia. Bustani ya upande mmoja, kazi ya lazima ya upande mwingine, na kampuni ni moja. Kwa hiyo mutoto wa Kongo akionyeshwa bustani nzuri ya ng'ambo, ana haki kabisa ya kuuliza nani analipia. Si wivu. Ni hesabu ya Morel.

Sasa yaya alijibu ile siku (niliona, ingawa ulifuta baadaye) kwamba mimi napinga kila kitu, kwamba kuna miji ambayo maonyesho yaliacha bustani ya kudumu. Ni kweli, na nashukuru umelisema. München walifanya maonyesho yao ya kimataifa mwaka 1983, mwaka mmoja tu kabla ya Liverpool. Leo Westpark yao ipo, ina bustani ya Japani, ya China, ina hekalu dogo la Thailand, na mutu anaingia bure saa anayotaka. Hamburg walifanya mwaka 1953, 1963 na 1973 katika bustani ileile ya katikati ya mji, Planten un Blomen, na kila mara iliacha kitu. Wien nao, mwaka 1964, walifanya juu ya jalala vilevile! Donaupark iko mpaka leo, na mnara wake wa mita 252.

Tofauti iko wapi? Udongo wa Austria si mtakatifu. Tofauti ni kwamba München na Wien, tarehe ya kufunga ilipofika, mji wenyewe ulikuwa mwenye ardhi, na mji una idara ya bustani yenye watu wa mshahara wa kila mwezi, yenye magari, yenye mstari wake katika bajeti ambao haufutwi meya akibadilika. Asubuhi ya kesho yake kulikuwa na mutu. Ni hiyo tu. Haina picha nzuri ya kutuma kundini.

(Na hata Wien, tusifunge macho. Kandokando ya lile jalala palikuwa na kijiji cha vibanda, Bretteldorf, cha watu maskini waliojijengea kwa mbao. Kiliondolewa ili bustani ipite. Wanaotembea pale siku ya Mungu, ni wangapi wanajua jina hilo? Siku wakubwa wa kwetu watakapotangaza "nafasi ya kijani", angalieni kwanza nani analala pale.)

Nitawaambia kwa nini jambo hili linaniuma mimi binafsi. Miezi michache iliyopita, mkubwa fulani alikuwa anapita mjini kwetu. Ofisi fulani, siitaji, ikatafuta vijana wa kupanda maua kwenye mzunguko mmoja wa barabara. Dola 5 kwa siku. Nilienda na lisansi yangu. Tulikuwa tisa, wanne kati yetu tumemaliza chuo. Mmoja ni agronome, alikuwa anatuambia tangu asubuhi ya kwanza kwamba hii miche itakufa, mashimo ni mafupi, na hakuna bomba la maji karibu. Msimamizi akamjibu: "Petit, inapaswa kuishi mpaka siku ya tatu tu." Tukacheka. Tukapanda siku tatu, tukamwagilia kwa bidoni tulizobeba kichwani. Mkubwa akapita kwa mwendo wa mbio, vioo vimefungwa. Jioni wakaja watu na pick-up, wakaondoa miche iliyokuwa ndani ya vyungu, eti ni ya kukodi. Pesa yetu, tulipoenda kuuliza, karani akasema haiyafika. Tumerudi mara nne. Haiyafika.

Yule msimamizi ndiye mwalimu wangu wa habari ya Liverpool. Alinipa kwa sentensi moja kile ambacho nilitumia mega nyingi kukitafuta.

Sasa wamoja katika kundi walikimbilia upande mwingine: bustani ni starehe ya matajiri, Kongo inataka barabara, maji, umeme, amani, tuache upuuzi wa maua. Hao nao siwafuati. Niulizeni siye tusio na kazi tunakaa wapi mchana. Nyumbani kuna baba anayekutazama bila kusema kitu, ni afadhali angesema. Kwenye nganda lazima ununue. Ukikaa chini ya jakaranda mbele ya ukuta wa mutu, mlinzi anakuja: "Unatafuta nani hapa?" Kijana anayetaka kusoma kitabu chake saa mbili kwenye kivuli, bila kununua kitu na bila kutuhumiwa wizi, mji huu haumjui. Mama anayetoka hospitali na mutoto mgonjwa anapumzika kando ya mtaro. Bustani ya raia wote ni haki, kama bomba la maji ni haki. Ila haki ile haina uhusiano na malkia wala mkasi wa kukata utepe. Inahusiana na mtunza bustani mwenye mkataba.

Kwa hiyo, wakija tena kututangazia mradi wa kupendeza mji, ao mashindano, ao maonyesho, ao "kijani" yoyote ile, msimamo wangu ninaouleta mbele ya kundi ni huu, na naomba tuupige kura. Tusipige makofi, tusipinge pia kabla ya kuuliza. Tuombe makaratasi ya siku ya baada ya kufunga. Parseli iko kwa jina la nani, la komini ao la kampuni ya mutu? Watunzaji ni wangapi, na wanaandikwa kwenye bajeti ya mwaka gani, mstari gani? Maji yanatoka wapi? Watu waliokuwa wanauza ao wanalala pale wanaenda wapi, na wamekubali mbele ya nani? Na vijana watakaochimba, wasaini mkataba kabla ya kushika jembe. Wakisema makaratasi hayo yatafuata, basi tumejibiwa, na kila mmoja wetu anajua la kufanya. Maswali hayo hatuhitaji kuyapiga kelele. Yaandikwe, yapelekwe, nakala ibaki na muhuri wa kupokea, juu ofisi zetu zinasahau haraka sana barua isiyo na muhuri.

Yaya, sijaandika haya ili nikushushe. Ulituma picha juu unatamani kitu kizuri kwa mji huu, na mimi pia natamani kilekile. Uje siku ya tano, tutaandika barua pamoja. Kifaransa chako ni kizuri kuliko changu.

Jana nilipita kwenye ule mzunguko. Miche yote tuliyopanda imekauka, mbuzi wamemaliza majani. Umebaki mche mmoja, upande wa barabara inayoshuka sokoni. Uko kijani, na umetoa ua jekundu. Karibu nao kuna mama anayechoma mahindi, na kila jioni akimaliza anamwaga pale maji aliyooshea sufuria. Nikamsalimia, nikamwambia huo ni mche wangu, niliupanda mimi. Akaniangalia, akacheka.

"Kumbe ni ninyi! Na walishawalipa?"

"Bado, mama. Haiyafika."